Nyuma ya mnara wa ndege kuna ofisi, na watoto wetu hawaujui mlango wake

Muulize kijana yeyote wa Magongo, Changamwe au Port Reitz ni kazi gani zilizoko katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa. Atakuhesabia upesi: kubeba mizigo, teksi, ulinzi, usafi, kupokea watalii, na juu kabisa urubani. Akijitahidi ataongeza yule mtu wa mnarani anayezungumza na marubani kwa redio. Baina ya mbeba mizigo na rubani, yeye haoni kitu. Ofisi ninayotaka kuizungumzia wiki hii imo humo katikati, na hoja yangu ni kwamba sisi Wapwani tunaikosa kwa sababu hatujui watu wake walitokea wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mwongozaji wa ndege mnarani hafanyi kazi peke yake. Kabla ndege haijaondoka, mpango wa safari yake lazima upokewe, ukaguliwe na utumwe kwa vituo vyote vilivyo njiani. Taa za uwanja zikiharibika, au kreni ndefu ikisimamishwa karibu na njia ya ndege, kuna afisa wa kuandika tangazo rasmi kwa marubani, lile linaloitwa NOTAM. Yuko mtabiri wa hali ya hewa. Wako mafundi wa redio, rada na mitambo inayomwonyesha rubani njia ya kutua wakati wa mawingu. Wako wachoraji wa ramani za anga na watu wa kompyuta. Abiria hawaoni hata mmoja wao, na wengi wao humaliza zamu bila kuzungumza na rubani.

Kuna atakayesema hao ni makarani tu. Basi natutazame yaliyotokea mwaka wa 2023.

Tarehe 11 Januari mwaka huo, Marekani ilisimamisha ndege zote za ndani zisipae kwa muda wa asubuhi. Mnara haukuwa na kosa na rubani hakuwa na kosa. Mfumo wa kutolea yale matangazo ya NOTAM ulikwama baada ya mafundi wa kandarasi kufuta faili kwa bahati mbaya walipokuwa wakioanisha hifadhi kuu ya taarifa na ile ya akiba. Maelfu ya safari zilicheleweshwa.

Tarehe 28 Agosti ikawa zamu ya Uingereza. Mpango mmoja wa safari, wa ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Paris, ulikuwa na vituo viwili vya angani vyenye alama moja ya herufi, kimoja Ufaransa na kingine Marekani. Mtambo wa kupokea mipango ya safari ukashindwa kuelewa, ukajizima, na ule wa akiba ukafanya vivyo hivyo. Ikabidi mipango iingizwe kwa mkono, na abiria zaidi ya 700,000 wakavurugikiwa na safari. Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo ambalo sisi wa kawaida tunalielewa vyema: mhandisi wa zamu alikuwa nyumbani, tatizo halikuweza kutatuliwa kwa mbali, na ilimchukua kama saa moja na nusu kufika kazini.

Yako pia yaliyogharimu roho. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani karibu na Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Mwongozaji aliyekuwa Zurich alikuwa peke yake kwenye zamu, na usiku huohuo mafundi walikuwa wakishughulikia mitambo. Rada ilikuwa ikifanya kazi kwa uwezo uliopunguzwa na simu kuu ilikuwa imezimwa. Waongozaji wa kituo jirani cha Karlsruhe waliiona hatari, wakapiga simu, wasimpate. Visa hivi vitatu vyote vilihusu mitambo na watu wa ofisi ya nyuma, na mpangilio wa kazi yao.

Basi watu wa ofisi kama hii hutoka wapi? Kutokana na ninavyoifuatilia sekta hii hapa na ng'ambo, naona milango minne.

Wa kwanza ni wa waongozaji wenyewe. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinataka mwongozaji awe na leseni, umri usiopungua miaka 21, cheti cha afya, na Kiingereza cha kuzungumza cha kiwango cha 4 au zaidi. Marekani haiajiri mwongozaji mpya aliyefika miaka 31, isipokuwa mwenye uzoefu wa awali, na humstaafisha akifika 56. Mtu aliyepoteza cheti cha afya kwa sababu ya macho au sukari hapotezi akili yake. Wengi wa namna hiyo huhamia kufundisha, kupanga njia za ndege au kukagua usalama.

Wa pili ni wa wanajeshi. Katika nchi nyingi, aliyeshika redio au rada jeshini anapostaafu huwa tayari anajua nidhamu ya zamu na lugha fupi isiyo na mapambo.

Wa tatu ni wa mafundi: watu wa elektroniki, umeme na kompyuta waliosoma vyuo vya ufundi, kisha wakafundishwa mitambo ya anga wakiwa kazini. Wa nne ni wa wale walioanza chini kabisa, kama wasaidizi wa kupokea ujumbe na kupanga karatasi. Uingereza ina kada nzima ya wasaidizi wa waongozaji, na wapo waliopanda kutoka hapo hadi wakawa waongozaji.

Mchanganyiko huu una faida kubwa. Ofisi ikiwa na watu waliotoka njia moja, wote hukosea kwa namna moja. Mtabiri huuliza swali ambalo fundi halimjii, na fundi huona hatari ambayo karani haioni. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na katika kazi ya usalama hayo mengi ndiyo kinga.

Sasa turudi nyumbani. Nchini Kenya watu huchanganya waajiri watatu, na mkanganyiko huo peke yake unawakosesha vijana nafasi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, ndiyo inayoendesha majengo, njia za kurukia na usalama wa uwanja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, iliyoundwa mwaka wa 2002, ndiyo inayoongoza ndege angani, na ndiyo yenye mnara, ofisi ya taarifa za safari na mafundi wa redio na rada. Watabiri ni wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Kijana anayepeleka barua KAA akiomba kazi ya mnarani amebisha hodi nyumba ya jirani.

Mafunzo nayo yako mbali. Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki iko Embakasi, Nairobi. Ilianza mwaka wa 1954, na kwa miaka mingi ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya huduma za pamoja, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka wa 1977. Chuo cha watabiri pia kiko Nairobi. Kwa mzazi wa Kisauni au Msambweni, karo ni mzigo wa kwanza, na chumba cha kupanga Nairobi ni mzigo wa pili.

Lakini hebu tuhesabu tulichonacho hapa. Makao makuu ya jeshi la wanamaji yako Mtongwe, na kila mwaka wanastaafu watu waliokaa miaka mbele ya redio na rada. Bandari ina watu wanaoongoza meli kuingia na kutoka usiku na mchana, kazi ambayo ni ndugu wa kuongoza ndege: chombo kikubwa, njia nyembamba, sauti redioni, na kosa lisilosahihishika. Mombasa ndiko kilipo kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini, kilichofunguliwa mwaka wa 2006, na ndege ikianguka baharini watu wa anga na watu wa bahari lazima wazungumze lugha moja. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mrithi wa ile MIOME waliyosomea wazee wetu, kinatoa mafundi wa umeme na elektroniki kila mwaka.

Tena tuna elimu ya upepo. Ndege hupaa na kutua ikiuelekea upepo, kwa hivyo kusi ikibadilika kuwa kaskazi, mnara nao hubadilisha upande wa kutumia njia. Mtoto aliyekulia Lamu au Vanga akisikia habari za misimu ya pepo amezijua kabla ya kufunuliwa kitabu. Sisemi kwamba ujuzi wa mashua unatosha kumweka mtu kwenye meza ya utabiri. Nasema ana msingi ambao hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kuwa una soko.

Najua pingamizi litakalokuja: usalama wa ndege si mahali pa kupeana kazi kwa huruma au kwa kabila. Nakubaliana nalo kabisa. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na Katiba inataka utumishi wa umma uwe na sura ya nchi. Hizo ni sheria nzuri na lazima zifuatwe. Ila hakuna sheria itakayomtengeneza fundi wa rada kutokana na mtoto aliyeacha fizikia akiwa na miaka kumi na mitano. Sidai kiwango kishushwe hata kwa nukta moja. Nadai watu wetu wafike kwenye chumba cha mtihani.

Kwa maoni yangu, kuna mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri uchaguzi mwingine.

La kwanza ni letu wazazi. Katika mtaala huu mpya, mtoto huchagua mkondo wake anapoingia Gredi ya 10. Wengi wetu tunamwachia achague kwa kufuata marafiki, au tunamwambia hesabu ni ngumu, achana nayo. Hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza cha kuzungumza ndizo funguo za karibu kila chumba katika ofisi hii, awe wa kiume au wa kike. Mlango huu hufungwa miaka mingi kabla tangazo la kazi halijatoka gazetini.

La pili ni la kaunti zetu sita na wabunge wetu. Basari tunazogawa ni nyingi lakini ni nyembamba, kila mtu anapata kidogo cha kumsukuma muhula mmoja. Kaunti ikitenga sehemu ya fedha hizo kuwalipia vijana wachache karo kamili pamoja na malazi, katika kozi za taarifa za anga, utabiri na ufundi wa mitambo, baada ya miaka mitano tutaweza kuwataja kwa majina. Wachaguliwe kwa mtihani wa wazi, si kwa kadi ya chama.

La tatu ni la waajiri. Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila cheti. Itumike hapa. Mwanamaji mstaafu wa miaka arobaini na mitano, au fundi wa redio za meli aliyefanya kazi miaka kumi, apewe njia ya kupimwa, na akipita aingie kwenye kazi za nyuma ya mnara zisizohitaji leseni ya uongozaji. Taasisi hizi pia zitangaze wazi, kila mwaka, wafanyakazi wao wa vituo vya Mombasa na Malindi walisomea nini na walianzia kazi gani, bila kutaja jina la mtu. Taarifa hiyo ingekuwa ramani kwa mwalimu wa shule ya upili anayetaka kumshauri mwanafunzi wake.

Ndugu zangu, uwanja ule ulijengwa juu ya ardhi yetu na kelele zake tumezizoea tangu ukiitwa Port Reitz. Tumekuwa tukidai ajira kwa maandamano na kwa barua, na mara nyingi tumepewa zile kazi zisizohitaji maandalizi, za kandarasi, za mwezi kwa mwezi. Kazi zinazodumu zimo ndani ya vyumba tusivyoviulizia. Mwalimu anayesoma haya, Jumatatu waulize wanafunzi wako ni nani anayejua NOTAM ni kitu gani. Wasipojua waeleze, kisha waambie kuna mtu analipwa mshahara kwa kuiandika, na kwamba hapo zamani alikuwa mwanafunzi kama wao.