Tuwatengee Madereva wa Malori Mahali pa Kulala

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi lina karibu kilomita 2,000 mbele yake, na zaidi ya 900 kati ya hizo ni za kwetu: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Makambako, Uyole, mpaka Tunduma. Ndani ya kebini yumo mtu ambaye kebini hiyo ndiyo nyumba yake. Nyuma ya kiti kuna kigodoro chembamba, pembeni jiko dogo la gesi, sufuria moja na dumu la maji, na taulo limeanikwa dirishani likaukie safarini. Humo analala, humo anapika, humo anapiga simu nyumbani kuuliza kama homa ya mtoto imeshuka. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikiganda, siku zinageuka wiki. Wito wangu ni kwetu sisi tunaoishi kando ya barabara hiyo, na ni wa jambo moja: kila kijiji na kila mtaa unaopitwa na barabara kuu utenge eneo salama ambapo dereva na utingo wake wanaweza kuegesha, kuoga, kujisaidia na kulala usiku mzima.

Ni rahisi kudhani kwamba dereva aliyechoka atasimama popote na kujilaza. Hawezi. Akiegesha penye giza, alfajiri anakuta tangi la dizeli limenyonywa, betri hazipo, kamba za turubai zimekatwa na tairi la akiba limekwenda. Hasara hiyo mara nyingi inakatwa kwenye posho yake, na madereva wengi wanaitegemea posho ya safari kuliko mshahara wenyewe. Kwa hiyo wanagawana usiku: mmoja anafumba macho, mwingine anazunguka lori na tochi, na asubuhi wote wawili wanaondoka hawajalala. Sheria ya usafiri barabarani ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Ni sheria ya busara, lakini saa nane zikimwishia dereva mahali pasipo na taa wala mlinzi, itabidi achague kati ya kuivunja na kuibiwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Uzito huo ukiteremka kona za Kitonga mikononi mwa mtu anayesinzia, basi la abiria linalopanda halina pa kukwepea. Usingizi wa dereva ni usalama wa abiria huyo, na wa mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Tukubali pia kwamba anayemnyima usingizi mara nyingi ni mmoja wetu. Dizeli inayonyonywa usiku inauzwa mchana kwenye madumu, mbele ya macho yetu, na wanunuzi tunawajua. Lori likianguka, wapo wanaoufikia mzigo kabla ya kumfikia mtu aliyebanwa kwenye usukani. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Miaka kumi kabla, Januari 2009, msiba wa namna hiyohiyo uliwakuta wenzetu wa Sachangwan, Kenya. Waliokufa walikuwa ndugu zetu, na umaskini uliowasukuma tunaufahamu. Lakini kijiji ambacho lori linaingia kila jioni kama mgeni, dereva akasalimiwa na kuulizwa jina lake, hakiwezi kulitazama kama mzoga ulioangukia njiani. Mahali pa kulala hapampi dereva usingizi tu. Panatupa sisi nafasi ya kumjua.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya wenye malori, kwani faida ni yao. Walipie, sawa kabisa, tena kwa kila usiku. Ila mwenye lori wa Dar es Salaam hawezi kuwa na kiwanja katika kila kijiji, na ardhi ya kijiji hana mamlaka nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeukabidhi usimamizi wake kwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Wengine watasema reli itayaondoa malori. Reli ya TAZARA ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia imekuwapo tangu miaka ya 1970, na malori hayajapungua.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi: malori yakilala kwetu yataleta ulevi, maradhi, na mabinti wataharibika. Hofu hiyo si ya kubeza. Lakini malori tayari yanalala kwetu, tena vibaya, yamejipanga gizani mbele ya vilabu vya pombe kwa sababu ndipo pekee penye taa na watu. Mlolongo, kule Kenya, ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyosubiri mzani. Mji mzima ukaota kuzunguka foleni hiyo bila kupangwa na mtu. Mwaka 2020 tuliona hofu hiyo ikizidi kipimo. Madereva walikwama mipakani Namanga na Malaba wakingoja vipimo vya korona, na njiani wakaepukwa kama ndio ugonjwa wenyewe, ilhali mafuta na dawa tulizozihitaji walizileta wao. Eneo lenye uzio, mlinzi, mama lishe na kituo cha afya jirani linapunguza hicho tunachokiogopa.

Basi tuanze na mkutano mkuu wa kijiji. Tuombe jambo hili liwe ajenda, na eneo litafutwe nje ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tusije tukabomolewa tulichojenga. Vikundi vya wanawake na vijana viombe mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wajenge mabafu, waendeshe jiko, walipe walinzi kwa ada ya maegesho. Tukubaliane hadharani kwamba hakuna atakayenunua dizeli ya dumu. Kwenye ujenzi tuwasikilize madereva wenyewe: lango liwe pana kiasi cha semitrela kukata kona bila kurudi nyuma, taa ziangaze upande wa matangi, maji yawepo hata saa nane za usiku. Neno "kuchimba dawa" tumelizoea mpaka tumesahau kwamba linamhusu mtu mzima aliyechuchumaa vichakani, akichungulia kama kuna anayekuja. Choo kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, maana nyuma ya usukani wanawake nao wapo.