Neno "kihistoria" na mzigo linaobebeshwa na vyombo vya habari

Ni nadra siku ipite bila msomaji wa habari nchini kukutana na neno "kihistoria". Ziara ya kiongozi wa nchi jirani huwa ya kihistoria, vivyo hivyo utiaji saini wa mkataba, ushindi wa timu ya mpira wa miguu, mavuno ya korosho na hata mkutano mkuu wa chama cha ushirika. Neno hilo lilitoka kurasa za siasa likaingia za michezo, biashara na burudani, na kila lilikopita limeacha sehemu ya uzito wake.

Mazoea hayo hayapo katika Kiswahili pekee, lakini katika Kiswahili yana matata yake. Kiingereza hutumia maneno mawili kutenganisha kitu kinachohusu mambo ya kale na tukio linalostahili kukumbukwa na vizazi. Kiswahili hubebesha maana zote mbili neno moja. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni ya kihistoria kwa maana ya kwanza. Kuapishwa kwa Samia Suluhu Hassan Machi 19, 2021, akiwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Tanzania, ni tukio la kihistoria kwa maana ya pili. Ipo pia maana ya tatu, pale sentensi inapoanza kwa "Kihistoria, wakazi wa eneo hili...", ambapo neno hilo halisemi zaidi ya "tangu zamani".

Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni mfano wa mkanganyiko huo. Jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 10, 2021, kisha likakarabatiwa na jingine jipya likajengwa kando yake. Anayesoma juu ya "soko la kihistoria la Kariakoo" hana njia ya kujua kama anaelezwa habari za jengo la Amuli au anasifiwa mradi mpya. Kwa mfanyabiashara anayetaka kujua kizimba chake kiko jengo lipi, huo si ubishi wa wanasarufi.

Mara nyingi neno hilo huanzia katika taarifa kwa umma. Afisa habari huliweka ili kuipa taarifa uzito, mwandishi hulinakili kwa kuwa muda umekwisha, na mhariri hulipitisha kwa kuwa halina kosa la tahajia. Kuandika "ya kihistoria" hakuhitaji kupiga simu wala kufungua jalada. Kuandika "ya kwanza tangu mwaka fulani" kunahitaji yote mawili.

Machi 24, 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika, ikiwa ni mara ya kwanza tangu zile za mwaka 1980. Miaka hiyo 39 ilijitosheleza. Kadhalika Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji: megawati 2,115 zinaeleza ukubwa wa mradi, na mwananchi anaweza kuzilinganisha na mahitaji ya nchi. Naye mkazi wa Sengerema aliyezoea kusubiri kivuko cha Busisi anaelewa zaidi akiambiwa kwamba daraja lina urefu wa takriban kilomita 3 na linavukwa kwa dakika chache.

Hii haina maana kwamba neno hilo lipigwe marufuku. Yapo matukio yasiyopimika kwa kilomita wala mabao, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni mojawapo. Hata hivyo, uzito wa Azimio hilo ulidhihirika katika miaka iliyofuata. Mwandishi aliyeripoti siku ile aliweza kukisia tu.

Athari nyingine iko katika kumbukumbu. Masimulizi ya kale ya Lamu yanajulikana kwa jina la "Khabari Lamu", kwani katika pwani ya wakati huo habari na historia vilibeba jina moja. Magazeti ya leo nayo yatasomwa hivyo. Mtafiti atakayeyafungua baada ya nusu karne atakuta matukio manne ya kihistoria katika toleo moja, na pale ambapo mwandishi hakutaja tarehe, kiasi wala sababu, itambidi akaulize kwingine ni lipi lililobadili maisha ya watu.