KIMONDO HAKINA MWENYEWE

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nakubali. Lakini mwaka jana wengi wetu tulitazama kitu kimoja angani, na yaliyotoka vinywani mwetu baadaye yalikaribia kumtoa mtu roho. Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, yapata saa moja na nusu usiku. Sisi wanafunzi wa kutwa tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, nasi tukirudi nyumbani tukiwa saba, tukifuata ile njia ya kando ya mashamba ya miwa. Ghafla njia ikawa nyeupe pe! Kisha ikageuka rangi ya kijani. Nilikiona kivuli changu kikizunguka chini ilhali mimi mwenyewe nimesimama tuli. Tulipoinua macho, lo! Mpira wa moto ulikuwa ukikata anga, mkia nyuma, halafu ukapasuka vipande vitatu na kuzimika. Kimya. Tukaanza kuchekana jinsi tulivyoogopa, na ndipo ulipokuja mngurumo kama wa lori la miwa linalovuka daraja la mbao. Mbwa wa kijiji kizima wakabweka.

"Kimeanguka kwa kukhu!" mmoja wetu akasema.

Kukhu ndivyo tuwaitavyo nyanya kwetu Bungoma. Aliyetajwa ni mjane mmoja anayeishi peke yake mwisho wa njia hiyo, ana migomba michache na ng'ombe mmoja wa maziwa. Na aliyemtaja, wasomaji, ni mimi. Nilisema kwa utani tu, kwa kuwa mwanga ulionekana kuzimikia nyuma ya migomba yake.

Ulimi hauna mfupa. Asubuhi yake, pale kisimani, utani wangu ulikuwa umekwisha kuota miguu. Eti moto umetua kwake. Kufikia jioni, eti moto umetoka kwake. Siku nne baadaye ng'ombe wa jirani akafa, basi kila mtu akajua eti "alitumiwa". Watu wakaacha kununua maziwa ya yule mama. Watoto wakaambiwa wazunguke wasipite langoni pake. Vijana fulani wakaanza kusema kwamba afadhali "aondolewe" kabla hajamaliza mifugo ya watu. Isingekuwa mzee wa mtaa kuwakemea hadharani, sijui leo ningekuwa ninaandika nini.

Msidhani natia chumvi. Mnamo Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa huko Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Kule pwani, Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Maneno yenyewe huanza hivi hivi, njiani, kwa kicheko.

Sasa tuje darasani. Mwalimu wetu wa Fizikia aliuliza, "Nani alikiona kile kimondo?" Darasa zima tukanyanyua mikono. "Vizuri. Kilitoka upande gani? Kilielekea wapi? Mngurumo ulifika baada ya sekunde ngapi?" Mikono ikashuka mmoja mmoja kama bendera jioni. Hebu fikirini jambo hilo. Kuhusu kitu tulichokiona sote hatukuwa na shahidi hata mmoja, lakini dhidi ya mama ambaye hakuna aliyemwona akifanya lolote, kijiji kizima kilikuwa na ushahidi.

Mwalimu alitueleza kwamba kimondo ni jiwe, mara nyingi dogo kama punje ya mchanga, linaloingia katika hewa yetu kutoka anga za mbali kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde moja. Hewa iliyo mbele yake husongwa kwa nguvu na kupata joto kali, nalo jiwe likawaka. Mwanga huo huanza kuonekana likiwa juu sana, kama kilomita 100 hivi. Jiwe likiwa kubwa zaidi huwaka kuishinda hata Zuhura, na likipasuka mwishoni huweza kutoa mshindo. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti hutembea pole pole, takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo anayehesabu sekunde anaweza kujua kimondo kilipasukia mbali kiasi gani. Sisi hatukuhesabu. Tulikuwa tunapiga mayowe.

Isitoshe, mambo haya si mageni upande wetu. Tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalinyesha mchana katika mji wa Mbale, yaani Mbale ya Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon, wala si ile ya Vihiga. Zaidi ya mawe 800 yaliokotwa, jumla yake kama kilo 150. Jiwe moja dogo liligonga jani la mgomba kisha likampata kijana mmoja kichwani, na hakuumia. Huko nako wapo waliosaga mawe yale wakayala wakidhani ni dawa ya ukimwi. Lakini wapo pia waliowaonyesha wataalamu mahali kila jiwe lilipoangukia, na kwa msaada wao ramani ikachorwa. Hapa kwetu Kenya, mawe ya namna hiyo yalianguka karibu na Thika tarehe 16 Julai 2011.

Tena si kila moto wa angani ni jiwe. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kama kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Wanakijiji walipiga ripoti na mahali pale pakalindwa. Sijasikia jirani yeyote aliyeambiwa pete ile ni yake. Huo ndio ustaarabu ninaoutaka.

Wengine watanijibu, "Wewe mtoto wa juzi, unadharau mila?" La hasha! Kuna Waislamu wanaosema kimondo ni kombora la kumfukuza shetani. Nyanya yangu mwenyewe husema mtu mkubwa amefariki mahali. Sina ugomvi na maneno hayo, kwa maana hayamtaji jirani. Imani inayonifanya niinue macho juu naiheshimu. Inayonifanya ninyooshe kidole kwenye boma la mjane, hiyo siitaki.

Na wasomi nao wasijione. Huko Ufaransa wasomi wengi waliwacheka wakulima waliosema mawe huanguka kutoka juu. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe kama 3,000 yakamwagika karibu na mji wa L'Aigle. Serikali ikamtuma mwanasayansi Jean-Baptiste Biot, naye akazunguka kijiji kwa kijiji akiwauliza watu wa kawaida waliona nini na wapi. Kwa ushahidi wao wasomi wakakubali. Kumbe mwanakijiji anayesema kweli aweza kuwafundisha maprofesa!

Mimi nilimfuata yule kukhu jumamosi moja, miguu ikinitetemeka, nikamwambia kwamba maneno yalianzia kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akanivutia kigoda.

"Mjukuu wangu, kwani wewe uliona nini?"

Nikaona aibu, sikuwa na la kusema. Yeye akanieleza. Alikuwa akimfunga ndama. Kitu kilitokea kwenye bega la mlima, kikapita juu ya mnara wa simu, kikazimika kikielekea upande wa Webuye. Akamaliza kufunga kamba, akamnywesha ndama maji, akaingia na kufunga mlango. Ndipo mngurumo ukaja.

Nilimwomba ayarudie yote, nami nikitazama saa. Sekunde 110. Jumatatu mwalimu akaniambia nipige hesabu mwenyewe ubaoni: 110 mara 340. Kama kilomita 37! Kitu nilichosema kimeanguka migombani mwake kilipasukia mbali kuliko hapa na mji wa Bungoma kwenda na kurudi. Na katika kijiji chote, aliyekiona sawasawa ni huyo huyo tuliyemsingizia.

Mwalimu alikuja nami kwenye baraza ya mzee wa mtaa, nikaeleza hesabu hiyo mbele ya watu na kukiri kosa langu. Wapo walioelewa. Wapo ambao hadi leo hawanunui maziwa pale. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mama yangu hunituma huko kila asubuhi, nami naenda bila kunung'unika.

Basi wenzangu, maoni yangu ni haya. Kwanza, ukiona kimondo funga mdomo na uhesabu. Pili, andika saa, upande kilikotoka, kilikoelekea na rangi yake. Tatu, ukiokota kitu usichokijua usikile wala usikiuze gizani, mpelekee chifu au mwalimu. Nne, na hili ndilo kubwa, usitaje jina la mtu. Usiku wa tarehe 13 Desemba vimondo huwa vingi sana kila mwaka. Tokeni nje na daftari. Nami nitakuwa nje, kwenye boma la kukhu, maana amesema atanionyesha pa kuangalia.

Mwanachama, Kidato cha Tatu