KURA YA MITUME NA KURA YETU



Wiki iliyopita darasa moja la chini lilichagua kapita wake. Mwalimu alisema, "Tupige kura," akataja majina mawili, na watoto wakanyoosha mikono huku wakitazamana. Aliyeshindwa alisema tu, "Ni mapenzi ya Mungu." Neno lile lilinisumbua mpaka usiku.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, waliweka watu wawili mbele, Yusufu na Matiya, wakaomba, kisha wakapiga kura, nayo ikamwangukia Matiya. Hakuna aliyeulizwa, wewe unapenda nani? Askari nao walipigia kura vazi la Yesu. Kura ile inatupwa, mtu hajui itaanguka wapi. Ya leo ni ingine, ijapokuwa jina ni moja. Karatasi haianguki yenyewe, ni mkono wangu unaoandika. Basi nikichagua mwizi wa chaki, nisimsingizie Mungu.

Na kunyoosha mkono je? Wazee wanatusimulia mwaka wa 1970: mgombea alikuwa mmoja tu, Mobutu. Karatasi ya kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu ilikuwa hapana, na haikuwa siri. Nani angeshika nyekundu? Mtoto anayeketi benchi moja na mgombea, naye iko katika shida ile ile, hata kama ni ndogo.

Wengine watasema karatasi inakosekana hata ya mitihani. Kweli. Lakini ukurasa mmoja wa daftari, ukiukunja mara 4, unatoa vipande 16. Darasa la watu 48 linaomba kurasa 3. Tunapoteza zaidi kwa kuandikiana barua wakati wa masomo (ninajua, ninazikamata).

Mimi mwenyewe sikuchaguliwa. Wakubwa waliniweka, na ninawashukuru, lakini kuwekwa ni kuwekwa. Nikiwaambia wachelewaji wafagie uwanja, kuna mmoja anauliza kila mara, "Nani alikuchagua?" Mimi ninanyamaza, halafu ninampa ufagio.

Kwa hiyo ninamwomba Bwana Prefe: atakayenifuata achaguliwe na wanafunzi wote, kwa karatasi, bila mtu kuchungulia ya mwenzake. Sanduku nitalitengeneza mimi mbele ya mitihani ya serikali. Mbao ziko nyuma ya jiko, misumari ndiyo inakosekana.

Kiongozi wa wanafunzi, darasa la sita