Mbwa hana makosa, shida ni sisi

Kwetu tuna mbwa anaitwa Popi. Usiku wa mpira, ndugu yangu humpandisha kwenye kochi watazame pamoja. Asubuhi mathe akipata manyoya kwenye vitambaa vyake, slipa inaongea. Ikafika mahali Popi akisikia tu hatua za mathe, anajikunyata chini ya meza. Mwezi jana mathe akatangaza: manyoya tena, huyu mbwa anapeanwa.

Wasee, hapo mjinga ni nani? Mbwa hajui tofauti ya usiku wa mpira na asubuhi ya usafi. Ukimchapa saa kadhaa baadaye, haunganishi kichapo na kochi. Anachojifunza ni kukuogopa wewe. Na akiruhusiwa siku moja kati ya tano, atajaribu zote tano, kama mcheza kamari aliyewahi kushinda mara moja.

Tuliketi tukakubaliana: kochi ni marufuku, hata kukiwa na fainali. Tukamtandikia blanketi kuukuu kando ya kochi. Akipanda, hakuna kelele wala slipa, ni "shuka" tu na kumwelekeza kwake. Akilala pale, papo hapo anapata kipande cha matumbo. Tukitoka, tunapanga viti vya plastiki juu ya kochi asipate nafasi.

Hii ni wiki ya tatu na Popi bado yuko. Siku hizi hata anamfuata mathe jikoni. Aliyekuwa mgumu kufunzwa ni ndugu yangu.

Kabla ya kumpeana mbwa wako, uliza kwanza kama nyumba nzima inamwambia kitu kimoja.