Mzazi Asiende Peke Yake Mlangoni pa Shule



Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu: yeye au wazazi wake. Bwana analikataa swali lenyewe. Lakini tukisoma mbele kidogo twawakuta wazazi hao wameitwa mbele ya wakubwa, nao kwa hofu ya kufukuzwa katika sinagogi wanajibu kwamba mtoto wao ni mtu mzima, na aulizwe mwenyewe. Wahubiri wengi huwalaumu. Sisi wa Tume ya Haki na Amani twauliza majirani zao walikuwa wapi. Injili imewataja pia: walibishana kama ndiye au siye. Kwamba walisimama pamoja na wazazi wake, hilo halikuandikwa.

Twauliza hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwetu Bombambili. Mama mmoja wa jumuiya zetu ana mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Miguu yake ni mizito na maneno humtoka polepole, lakini akili anayo. Chenji ya vitumbua anavyouza mama yake hajapata kuikosea. Mama huyo amempeleka shule mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri mtoto akue. Mara ya pili aliambiwa hakuna mwalimu wa watoto wa namna hiyo. Mara ya tatu aliambiwa umri umepita. Kila mara alikwenda peke yake, amembeba mtoto mgongoni, na kila mara alishukuru akaondoka.

Kushukuru huko ndiko kunakotuuma. Mtu hushukuru kwa hisani, na mama yule hakwenda kuomba hisani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka 7, ikamtia hatiani asipofanya hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa katika shule, iwe ya serikali au ya binafsi. Tena asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na ahudumiwe na mwalimu aliyesomea kazi hiyo au aliyepangiwa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001. Na kwa aliyepitwa na umri, serikali ilianzisha mpango wa MEMKWA. Basi neno "hatuna mwalimu" si jibu la kufungia mlango. Ni taarifa ambayo shule yapasa kuifikisha kwa Halmashauri ya Manispaa.

Hatusemi haya ili kuwagombanisha wazazi na walimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika ana sababu ya kuogopa. Tena tulipokwenda kuuliza kwa utulivu, tuligundua kwamba kilichozuia zaidi kilikuwa choo: choo cha shimo, cha kuchuchumaa, kisicho na mahali pa kushika. Hakuna aliyekuwa amelitamka jambo hilo, labda kwa haya. Sisi tunaochangia kila harusi, je, twashindwa na mifuko miwili ya saruji?

Vilevile yatupasa kujikosoa. Kwa miaka mingi tuliwajua watoto hawa wakati wa Kwaresima tu, tukaja na sabuni na sukari. Jumuiya ikisali nyumbani mwao, mtoto huwekwa chumba cha ndani. Twaimba, twaaga, wala hatuulizi. Wapo waliomshauri mama yule amwachie Mungu, na wapo waliosema ampeleke shule ya viziwi Ruhuwiko. Shule ile ina kazi yake, ya kuwafundisha wasiosikia. Mtoto huyu asikia vizuri kabisa, hata hayo tunayosema juu yake.

Mwanamke Mkanaani wa Mathayo 15 naye alikuja kwa ajili ya binti yake, na wanafunzi walitaka aondoshwe kwa kuwa aliwapigia kelele. Yeye hakushukuru akaondoka. Alijibu hoja kwa hoja.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba, kabla ya shule kufunguliwa Januari, viongozi wa kila jumuiya wapite nyumba kwa nyumba kuuliza, kwa upole na bila daftari la misaada mkononi. Mzazi aendapo shuleni afuatane na watu wawili aliowachagua mwenyewe. Jibu la shule liandikwe pamoja na tarehe yake. Likiwa la kukataa, lipelekwe kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu wa Manispaa. Sheria ile ya 2010 iliweka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa, basi mwenyekiti wa mtaa aulizwe kama kamati yake inakutana. Shuleni, mzazi ndiye asemaye. Wale wawili wanyamaze mpaka aombe msaada wao. (Twajifahamu: tukipewa nafasi tutahubiri.)

Mama yule amekwisha kuwataja wawili wake. Mmoja ni mwalimu mstaafu. Wa pili ni fundi mwashi, naye ameomba akakitazame kwanza hicho choo.