JE, KANZU SI VAZI RASMI?

Kadi ya harusi niliyoletewa nikiwa Murukulazo, wilayani Ngara, ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi nene: "Wanaume: suti nyeusi na tai." Hafla ilikuwa ya usiku. Ndoa yenyewe ilikuwa imekwisha fungwa mchana, na huo mchana hakuna aliyeulizwa amevaa nini.

Usiku, mlangoni pa ukumbi, walisimama vijana wawili wa kamati. Akaja mzee mmoja, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, juu yake koti la kijivu, kichwani kofia. "Shikamoo mzee. Samahani, kadi imesema suti na tai." Mzee akajibu kwa upole: "Marahaba mwanangu. Bibi harusi ni binti wa mdogo wangu. Mimi ni baba yake mkubwa." Wakanong'onezana, kisha wakampa kiti nyuma kabisa, karibu na jenereta, ili asiharibu picha. Baba mkubwa wa bibi harusi! Na mbele wakakaa vijana waliovaa suti za kuazima, mmoja mikono ya koti imemfika vidoleni, mwingine akiilegeza tai kila mara kama aliyekabwa.

Ni nani aliyeipa kamati mamlaka ya kuamua kwamba heshima ya mtu ni mshono wa nguo yake?

Watetezi wa kadi hizo husema suti ndiyo vazi rasmi la dunia nzima. Vema, tuitazame hiyo dunia. Koti jeusi la dhifa za usiku halijatimiza hata miaka mia mbili. Nyumba ya ushonaji ya Henry Poole, huko London, yasema ilishona la kwanza mwaka 1865 kwa ajili ya mtoto wa Malkia Victoria, aliyetaka vazi jepesi la kulia chakula nyumbani badala ya koti refu lenye mikia. Kumbe lilianza kama nguo ya kujipumzisha! Na tai asili yake ni kitambaa cha shingoni cha askari wa Croatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17. Sisemi kuvaa vitu hivyo ni kosa. Mimi mwenyewe ninayo suti. Nasema havikushuka kutoka mbinguni.

Tena ipo meli kubwa ya anasa, Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza safari zake mwaka 2004. Humo, usiku wa dhifa kubwa, wanaume hutakiwa kuvaa koti la dhifa au suti nyeusi. Hata hivyo mwenye vazi rasmi la taifa lake hukaribishwa, na Mskoti huingia na sketi yake ya mistari. Basi mzee wetu angepata kiti katika meli ya Waingereza, akakikosa kwenye harusi ya binti yake!

Si hivyo tu. Kanuni za Bunge letu la Tanzania zimelikubali vazi la mwambao, yaani kanzu, koti na kofia. Mwalimu Nyerere alipokea wageni wa mataifa makubwa bila ya tai shingoni, wala hakuna aliyemwona mshamba. Lakini ugonjwa huu si wa Murukulazo peke yake. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwaambia wabunge kuwa suti ya Kaunda haitakubaliwa humo. Suti ya Kaunda, jamani, iliyobeba jina la Rais wa Zambia!

Wengine husema: kanzu ni ya Waislamu, na wageni ni mchanganyiko. La hasha. Kanzu ilifika Buganda na wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, ikaingia katika jumba la Kabaka, na leo Mganda Mkristo anayekwenda kujitambulisha ukweni huvaa kanzu na koti juu yake. Hapa kwetu Kagera nani hajaona hayo?

Kinachoniuma zaidi ni gharama. Namfahamu kijana aliyewaambia ndugu zake kwamba amesafiri, kumbe alijifungia ndani usiku wa harusi ya binamu yake kwa sababu hakuwa na suti wala fedha ya kukodi. Mwenye suti moja, akiambiwa safari hii rangi ni bluu, naye hukopa. Dini yetu imehimiza kuunga udugu, nasi twaukata kwa mstari mmoja wa kadi!

Nasi wavaa kanzu tusijitakase. Wako wanaoagiza kanzu ya Oman kwa bei ya ng'ombe ili tu waonekane, na wako wanaojipamba kwa hariri ambayo mwanamume Mwislamu amekatazwa. Kiburi hakichagui kitambaa.

Murukulazo kuna harusi nyingine watu wakishauza kahawa. Kadi hazijachapwa. Naiomba kamati iandike hivi: "Wanaume: nguo safi ya heshima, suti au kanzu." Na mzee wetu apewe kiti mbele.